Keneli inajuaje ukurasa upi umelala?

Ndugu, umeuliza kama keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, huandika muda kila programu inapogusa ukurasa, yaani kipande kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta. Hapana. Ingefanya hivyo, kompyuta isingesogea hata hatua moja.

Anayeweka alama ni prosesa. Kwenye prosesa za x86-64, ukurasa wa kawaida ni kilobaiti 4, na kila mmoja una ingizo lake la biti 64 katika jedwali la kurasa, orodha inayoonyesha kila ukurasa uko wapi. Programu ikiugusa, prosesa huwasha biti namba 5. Ikiandika humo, huwasha na namba 6. Kuzizima si kazi yake, ni ya keneli: inapotafuta nafasi hupita, husoma biti ya 5, huizima na kuendelea. Ikirudi ikaikuta imewaka tena, ukurasa bado una mtu. Ikiikuta imezimwa vilevile, huo ndio wa kutolewa. Biti ya 6 nayo huonyesha kama yaliyomo yamebadilika na lazima yahifadhiwe diskini kwanza.

Hapa ndipo wengi hukosea: biti ya 5 haihesabu. Mguso mmoja na miguso elfu moja huonekana sawa, kwa hiyo keneli hukadiria tu.

Usiniamini kwa maneno. Andika 1 ndani ya faili /proc/PID/clear_refs ya programu yako (PID ni namba ya programu inayoendeshwa), subiri sekunde kumi, kisha soma mistari ya Referenced, yaani kiasi kilichoguswa, kwenye /proc/PID/smaps. Tumia mashine ya majaribio tafadhali, si seva yenye wateja, kwa sababu unaifutia keneli alama zake za kurasa zilizoguswa.