Mageuzi hukwama wapi?

Umeuliza kwa nini mageuzi hukwama hata mkurugenzi mkuu akiwa hodari. Mara nyingi ni mameneja wa kati: bado wanapimwa kwa malengo ya zamani, basi wanayalinda. Badilisha kwanza vigezo vya bonasi, ndipo utangaze mkakati.

Halafu anza na jaribio dogo, na uliangalie kwa makini. M-Pesa ilijaribiwa kuanzia 2005, Nairobi na Thika, kwa ajili ya kulipia mikopo midogo. Watu wakaitumia kutumiana pesa. Safaricom ikafuata walichofanya wateja, ikaizindua hivyo Machi 2007. Wakuu wengi huteleza hapo hapo, wanang'ang'ania mpango ulioandikwa.

Na tafadhali, kama kuna watakaopunguzwa kazi, waambieni mapema. Fununu huwaondoa wafanyakazi bora kwanza.