Mashine Iliyokufa na Mgonjwa Aliyeshukuru

Wiki iliyopita kijana aliyeajiriwa karibuni katika kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Mkuu wangu anasema mambo ya tafiti niyaache chuoni, mgonjwa anataka mashine. Nifanyeje?" Nilitaka kucheka, lakini maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe.

Kwa miaka sita niliwatibu wenye maumivu sugu ya kiuno kwa ultrasaundi ya tiba, mashine ya mawimbi ya sauti inayopitishwa juu ya ngozi iliyopakwa jeli, si ile ya kupiga picha, dakika nane kila mmoja. Siku moja fundi wa vifaa tiba alidondosha maji juu ya kichwa cha mashine, akaiwasha. Maji yaliyopaswa kutetemeka yalitulia tuli. Mashine ilikuwa imekufa, na hakuna aliyejua tangu lini. Juma lile lile mama mmoja muuza ndizi alikuwa ameniletea kichane kizima, akinishukuru kwa kumponya. Nilikuwa nimeshakila.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifikisha PEDro, hifadhidata ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 1999, ambayo hukusanya tafiti za fiziotherapia na kuyapa majaribio ya tiba alama hadi 10 kwa ubora wake. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno, uliopendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa na kushauri ultrasaundi, mikanda ya kiuno na kuvuta uti wa mgongo visiwe tiba ya kawaida, niliutoa kwenye karatasi nikaupeleka kikaoni. Nikaulizwa mbele ya wanafunzi kama sasa ninawajua wagonjwa kuliko walionifundisha. Bado linaniuma, kwa kuwa aliyeuliza ndiye aliyenifundisha kazi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usianzie kikaoni. Anza na mgonjwa mmoja: andika asichoweza kufanya, labda kuinua ndoo, mpe mazoezi, umpime tena baada ya wiki sita. Na usome, walau nusu saa kwa wiki. Usiniambie huna muda. Muda wa kumpaka mtu jeli tunao. Tusome, jamani, maana mgonjwa analipa nauli kutufuata.

Yule mama aliporudi aliuliza mashine iko wapi. Nilimweleza kwa zaidi ya dakika nane. Mazoezi aliyakubali na anayafanya hadi leo, ila ndizi hajaleta tena.