Mama anacheua, mtoto amekufa

SWALI: Shikamoo mzee. Nafuga mbuzi wa maziwa hapa Pongwe, Tanga. Juzi niliwapulizia dawa ya kupe, chupa imeandikwa oganofosfeti. Mama ana kilo 30 hivi, watoto wake wawili wa siku nane wana kilo tatu tatu. Nikapiga hesabu: mtoto ni sehemu ya kumi ya mama, basi apate sehemu ya kumi ya dawa. Jioni watoto wakatoka udenda na kutetemeka, usiku mmoja akafa. Mama yao anacheua tu. Aliyeniuzia anasema nilizidisha. Nilizidisha wapi?
Mama Z., Pongwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Hesabu yako ningeipa vema. Tatizo ni kwamba ini la mtoto haliijui hesabu hiyo.

Kabla sijastaafu nilitunza panya weupe wa maabara. Pale Makorora walinicheka: wenzako wanawatega panya, wewe unalipwa kuwalisha! Kwenye kila kizimba tulibandika karatasi ya uzito na umri, na umri ndio nilioulizwa kwanza.

Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya klorpirifosi, dawa ya jamii hiyo hiyo ya chupa yako, waliyowachoma panya chini ya ngozi. Panya wazima walistahimili hadi miligramu 279 kwa kila kilo ya mwili. Wa siku saba waliishia 45. Angalia maneno "kwa kila kilo": uzito umeshagawanywa, na bado mtoto mchanga anazidiwa mara sita.

Sumu hizi hufunga kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva. Kikifungwa, neva zinapiga kelele bila kukoma: udenda, machozi, tetemeko, mwisho pumzi. Kimeng'enya hicho cha mchanga hakifungwi kirahisi kuliko cha mzazi wake. Ila kabla sumu haijafika ubongoni, inakutana na walinzi katika ini na damu, vimeng'enya vya kuikamata na kuivunja, viitwavyo kaboksilesterasi na paraoksonasi. Mzima anao wengi. Wa siku nane, walinzi wake ndiyo kwanza wanaajiriwa.

Tena usidhani mchanga hushindwa na kila sumu. Vipimo vya DDT, dawa ya wadudu ya jamii nyingine, vya mwaka 1965 viliniacha mdomo wazi: panya wazima, nusu yao walikufa kwa miligramu 195 hivi kwa kilo, na waliozaliwa karibuni walihitaji zaidi ya 4,000. Kwa hiyo usichukue kanuni ya chupa moja ukaipeleka kwenye nyingine.

Na huenda hata hesabu yako haikutimia bandani. Ulimpulizia mama, watoto wakanyonya chuchu zenye dawa na kulamba manyoya yake mabichi. Hiyo huwezi kuigawa kwa kumi.

Huyo aliyebaki, kama bado anatoa udenda au anapumua kwa shida, mwite daktari wa mifugo sasa hivi na umwonyeshe chupa yenyewe; wao wana atropini, dawa ya kupambana na sumu hii. Mwoshe kwa maji na sabuni, ukiwa umevaa glavu, na watoto wako wa nyumbani wakae mbali. Kupe wa vitoto watoe kwa mkono. Siku nyingine watenge na mama mpaka akauke kabisa na chuchu zioshwe, na usome lebo inasemaje kuhusu umri. Soma pia siku za kusubiri maziwa, maana najua hapo Pongwe unayauza.