Oili chafu kwenye udongo: sabuni itasaidia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Fundi magari aliyepanga uwanjani kwangu amehama, ameniachia kona nzima ya udongo mweusi unaonuka oili chafu. Nataka nipande mchicha pale. Jirani ananiambia nimwagie maji ya sabuni ya unga, eti bakteria wa ardhini wataila oili upesi. Kisima chetu hakiko mbali na hapo. Nimwage?
Msomaji, Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usimwage, na sababu yangu ya kwanza ni hicho kisima. Sabuni hailiondoi tatizo, inalihamisha tu: oili iliyokuwa imeng'ang'ania udongo itabanduka na kushuka na maji.

Jirani yako ana hoja, lakini. Bakteria wanaokula oili huishi kwenye unyevu, na oili haichangamani na maji, kwa hiyo chakula kipo ila hawakifikii. Kemikali za jamii ya sabuni, yaani safaktanti, huipasua oili kuwa vitone vidogo wanavyoweza kuvishika. Wengine hujitengenezea ya kwao. Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa hutoa ramnolipidi, na hiyo hushusha mvutano wa uso wa maji, yaani nguvu inayoyashikamanisha maji kwa juu, kutoka milinyutoni 72 kwa mita hadi karibu 30. Napenda sana kulisimulia hili darasani.

Sabuni ya dukani ni habari nyingine. Utando wa bakteria nao umejengwa kwa mafuta, na sabuni kali huutoboa. Isipowaua, huenda wakaila yenyewe kwanza, maana ni laini kuliko oili, na oili ikabaki ilivyo. Niliwahi kujaribu kwa ndoo tatu za udongo wenye oili: moja niliiacha hivyo hivyo, moja nikaitia sabuni nyingi, moja samadi ya kuku. Baada ya miezi mitatu ile ya sabuni ilinuka oili kama siku ya kwanza. Ya samadi ilikuwa imeanza kuota nyasi.

Oili ni kaboni nyingi yenye naitrojeni na fosforasi kidogo mno, na bakteria wanazihitaji zote; samadi inazo, ndiyo maana inafaa. Hata Alaska, meli Exxon Valdez ilipomwaga mafuta mwaka 1989, ufukweni walinyunyiza mbolea ili bakteria waliokuwepo wapate nguvu. Basi chimbua udongo ulioloa, utandaze juu ya turubai kwa unene wa shibiri moja, changanya samadi iliyooza. Uwe na unyevu wa kushikamana ukiufinya, usichuruzike. Ugeuze kwa jembe kila wiki ili upate hewa, na mvua ikija ufunike. Ni kazi ya miezi, mwanangu, si ya wiki mbili.

Mchicha pale usipande hata harufu ikiisha. Oili iliyotoka kwenye injini hubeba zinki na pengine risasi, na madini hayo hakuna bakteria anayeyamaliza. Maji ya kisima nayo yapelekeni yakapimwe. Kwa sasa tafuteni mengine ya kunywa.