Kabla hujasema "mteja wangu alitegwa"

Juzi kwenye korido ya mahakama hapa Tabora nimemsikia wakili mdogo, wino wa mhuri wake bado mbichi, akimwambia mama wa mshtakiwa: "Usijali mama, askari walimtega, kesi imekwisha." Nikashika kichwa. Wadogo zangu, njooni mkae.

1. Someni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mwanzo hadi mwisho. Atakayekuta kifungu kinachosema kutegwa na polisi ni utetezi, nitamnunulia dumu la asali ya Sikonge. Marekani wanao utetezi huo. Uingereza tulikorithi, House of Lords, wakati huo mahakama yao ya juu kabisa, iliukataa mwaka 1979 katika kesi ya Sang.

2. Askari kujifanya mnunuzi ni jambo moja. Kumbembeleza asiye na nia mpaka akubali ni jingine. Hapa ndipo nilipoangukia pua.

Ilikuwa kesi yangu ya tatu, nyara za serikali, vipande viwili vya meno ya tembo. Mnunuzi alikuwa askari, na alipiga simu wee. Nami nilikuwa nimelewa kesi ya Sherman ya 1958: mtu kakutana na mtoa habari kwa daktari, wote wanatibiwa uraibu, kabembelezwa mpaka kamtafutia dawa za kulevya, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwachia. Nikaona nimeshinda. Kila kielelezo kilipoletwa nilisimama, nikakohoa kidogo: "Mheshimiwa, hatuna pingamizi." Hati ya ukamataji mali haina saini ya shahidi huru? Hatuna pingamizi. Meno yalilala wapi siku tatu kabla ya kumfikia mtunza vielelezo? Sikuuliza. Ya nini, na mtego ninao? Kumbe ukisema mteja alishawishiwa auze, umeshakubali alikuwa na cha kuuza, na kosa lenyewe ni kupatikana nacho. Miaka 20.

Akishushwa ngazi na pingu aliniambia kwa upole, bora angenitukana. "Kaka wakili, siku ya kwanza nilikwambia gunia lile ni la mpangaji. Nikakuona unaandika. Uliandika nini?"

Nilirudi ofisini nikafungua daftari. Sherman, Sherman, ukurasa mzima. Gunia halimo.

3. Mitego ya rushwa: uliza nani aliandika namba za noti, lini, mbele ya nani.

4. Kumbukumbu za simu: nani alianza kupiga? Humtikisa shahidi, na hukufaa kwenye kuomba nafuu pale ambapo sheria haijafunga kima cha chini cha adhabu.

5. Hati ikipokelewa bila kusomwa kwa sauti, nyamaza, andika pembeni, kasoro hiyo ikusubiri kwenye rufaa. Msomi mmoja, tena wa upande wetu, alisimama kumkumbusha mwendesha mashtaka: "Mheshimiwa, haijasomwa." Ikasomwa, neno kwa neno. Mchana ule alikula ugali meza ya peke yake.