Baba Anasema Namtabiria Kifo

Shangazi,

Nina miaka 39, nimeolewa na nina watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 15, nilimpata kabla ya ndoa hii. Wawili, wa miaka 8 na 4, ni wa mume wangu. Nyumba tunayoishi tumeinunua pamoja. Mwezi uliopita tulikutana wote kwa wazazi, nikamwuliza baba kama ameshaandika wosia. Ana miaka 74 na siku hizi anasahausahau. Alinyanyuka akasema, "Sasa unanitabiria kifo," akaingia chumbani. Mama akaanza kulia. Kaka yangu akasema nina tamaa ya nyumba, na kwamba wosia wa nini wakati namba ya siri ya kadi ya baba anayo yeye. Mdogo wetu wa miaka 26 akacheka, akasema yeye hana haja ya wosia kwa kuwa hana kitu. Tangu siku hiyo baba ananiitikia salamu tu, basi. Nimekosea wapi, na nianzie wapi tena?

Binti wa Pili

Mwanangu,

Kuuliza hukukosea. Ulikosea pa kuulizia. Mzee wa miaka 74 anaulizwa habari za mali yake mbele ya wanawe wote, na mkewe amekaa pale, unadhani atasikia nini? Wewe ulisema "wosia", yeye akasikia "lini". Hata mimi ningeingia chumbani.

Halafu kuna jambo lingine, na hili usinikasirikie. Barua yako nimeisoma mara mbili, sikuona popote uliposema kwamba wewe mwenyewe umeandika. Unamdai baba yako kitu ambacho wewe huna, na kati yenu wawili mwenye watoto wadogo ni wewe. Kwa hiyo tuanze na kwako. Mzee amejifungia chumbani, hatoroki.

Leo jioni itoe hati ya nyumba yenu uisome. Usiridhike na kuona majina mawili, tazama mmeandikwa vipi. Katika nchi nyingi watu wawili wanaweza kumiliki nyumba kwa namna mbili. Kuna ile ambayo mmoja akifa, sehemu yake inahamia moja kwa moja kwa aliyebaki, na wosia hauigusi. Na kuna ile ambayo kila mmoja ana fungu lake, na fungu hilo linafuata wosia wake au linakwenda kwa warithi wake. Kwa wanandoa ambao watoto wote ni wao, tofauti hiyo mara nyingi haiwaumizi sana. Kwako wewe inauma. Mkiwa mmeandikwa kwa namna ya kwanza, ukitangulia wewe, nyumba yote ni ya mume wako. Naye akifa baadaye bila wosia, warithi wake ni watoto wake. Mwanao wa kwanza, ambaye amemwita "baba" miaka yote hiyo, kwa sheria nyingi hamrithi baba wa kambo hata kijiko. Hapo hakuna aliyedhulumu mtu. Mume wako anaweza kuwa mtu mwema kuliko wote duniani na mtoto akatoka mikono mitupu, kwa sababu sheria haipimi mapenzi, inaangalia majina.

Basi kaeni wewe na mume wako, kila mtu aandike wake. Wosia wenyewe si hati ya kutisha. Unasema wewe ni nani, unafuta wosia wowote uliotangulia, unataja nani apate nini, unamtaja msimamizi wa mirathi na wa akiba iwapo wa kwanza hatakuwepo au atakataa, unaweka tarehe na saini. Mashahidi wanaotakiwa katika nchi nyingi ni wawili, nao wakuone unasaini. Wasiwe watu unaowaachia kitu, wala wake au waume zao. Watu wengi huponzwa na hili. Rafiki anaitwa ashuhudie kwa nia njema kabisa, kisha urithi aliotajiwa unabatilika kwa sababu ya saini yake mwenyewe. Maelezo ya ndani yana sheria zake kila nchi na kila dini. Mwislamu, kwa mfano, wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali, na theluthi hiyo ni kwa wasiokuwa warithi, maana warithi mafungu yao yamekwisha kupangwa. Ufaransa nako, mzazi mwenye watoto watatu ana uhuru wa kumpa amtakaye robo tu ya mali, zinazobaki ni haki ya watoto. Saa moja ya wakili wa hapo ulipo itakusaidia kuliko fomu ya kupakua kwenye intaneti.

Katika wosia huo mtaje mlezi wa watoto, na kabla hujamtaja mwulize. Wengi huandika jina la dada au rafiki ambaye hana habari hata kidogo. Wa miaka 15 kama baba yake mzazi yu hai, sheria nyingi zitamwangalia huyo kwanza, kwa hiyo zungumza na wakili mapema. Na mlezi si lazima ndiye ashike fedha. Mwenye mkono mwepesi wa kubembeleza mtoto anaweza kuwa na mkono mwepesi wa kutumia pia. Unaweza kumpa mmoja watoto na mwingine akawa mdhamini wa mali yao. Sema pia watoto wakabidhiwe wakiwa na umri gani. Miaka 18 sheria inaruhusu, lakini wewe umeshawahi kumwona wa miaka 18 mwenye fedha nyingi.

Sasa fomu. Hizi ndizo zinazonikosesha usingizi kuliko wosia. Mafao ya kazini na bima ya maisha, mara nyingi haviingii kwenye wosia kabisa, vinakwenda kwa jina lililoandikwa kwenye fomu siku ulipoajiriwa au ulipokata bima. Mjomba wangu mmoja aliachana na mke wa kwanza, akaoa, akaishi na wa pili miaka zaidi ya 20. Alipofariki fomu ikatolewa, ina mwandiko wake mzuri wa ujana, na jina lililopo ni la mke wa kwanza. Bima ikalipa jina. Yule bibi wa pili alikaa ameishika ile nakala, anapitisha kidole juu ya herufi kama anayetafuta kosa la tahajia. Kwa hiyo kesho ofisini kwako ulizia fomu yako. Uliijaza lini? Ulimwandika nani? Na kama uliwahi kuandika wosia kabla ya ndoa hii, ujue kwamba katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza, kufunga ndoa kunaufuta.

Mdogo wako anayecheka kwamba hana kitu, mwambie shangazi naye amecheka. Ana kazi? Basi ana mafao, na fomu yake huenda haina jina la mtu. Ana simu? Ndani yake mna fedha, picha, na akaunti ambazo nenosiri lake analijua yeye peke yake. Ana mkopo? Deni halizikwi, linalipwa kwanza kutoka kwenye alichoacha ndipo warithi wagawane kinachobaki. Ana mchumba? Mchumba kwa sheria nyingi ni mgeni tu, mali ya kijana asiye na mke wala mtoto hurudi kwa wazazi. Kwake yeye karatasi moja inatosha kwa sasa: fomu ijazwe, mtu mmoja ajue vitu viko wapi, na ijulikane akipata ajali akawa hajitambui nani azungumze na madaktari kwa niaba yake. Akioa, aandike upya. Akipata mtoto, tena upya. Nguo ya mtoto haimfai mtu mzima, na wosia ni vivyo hivyo.

Na kaka yako mwenye namba ya siri. Huyu nitamsema taratibu maana najua ataisoma hii. Mtu akifariki, akaunti yake ni ya mirathi, si ya mwenye kujua namba. Kwenda kwenye mashine kutoa fedha za marehemu kabla ya msimamizi kutambuliwa kunaweza kuwa kosa la jinai, hata kama fedha ni za sanda. Akitaka kumsaidia baba kihalali sasa hivi angali hai, ipo njia: baba anasaini hati ya kumpa mtu mamlaka ya kumshughulikia mambo yake. Lakini sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu umesema mzee anasahausahau. Hati hiyo huisaini mtu mwenye akili timamu tu. Na katika sheria nyingi, ile ya kawaida inakufa pale mtoaji anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani siku mnayoihitaji ndiyo siku inayokoma, isipokuwa imeandikwa mahususi iendelee. Akifariki, hati hiyo ya mamlaka, iwe ya aina gani, inakoma. Wosia nao unataka akili timamu, ukiandikwa baada ya akili kuyumba unaweza kupingwa mahakamani. Kusahau miwani si kupoteza akili, na sheria haimtaki mzee akumbuke kila kitu. Inataka ajue ana nini, ana nani, na anafanya nini anaposaini. Siku hiyo daktari akimwona na kuandika kwamba yu timamu, mtakuwa mmefunga mlango mkubwa wa ugomvi. Lakini muda mnao kidogo, sitaki kukudanganya.

Atatokea mtu awaambie njia rahisi ni mzee kuhamisha nyumba sasa hivi kwa jina la mtoto. Mimi siipendi. Mtoto akidaiwa, nyumba inadaiwa naye. Mtoto akiachana na mwenzake, nyumba inaingia kwenye mgawo. Mzee anabaki mpangaji wa hisani kwenye vyumba alivyojenga mwenyewe.

Sasa namna ya kurudi kwa baba. Nenda peke yako, na uende ukiwa na wosia wako mkononi, umeshasainiwa. Usimwulize chochote kuhusu wake. Mwambie, "Baba, nimeandika wangu, nimewaza sana watoto. Ningependa mzee anisomee aone kama nimekosea." Umemtoa kwenye kiti cha anayesubiriwa kufa ukamrudisha kwenye kiti chake cha baba. Lugha yetu nayo imekurahisishia kazi, maana "wosia" kwetu ni hati ya mali, na ni maneno pia, yale anayowausia mzee wanawe waishi vipi. Mwombe hayo ya pili kwanza. Mwulize angependa mkae vipi ninyi ndugu watatu, nani amwangalie mama. Wazee wengi wakishaanza kusema hayo, ya nyumba huyataja wenyewe.

Kisha mwombe akuonyeshe vitu vilipo. Nani anapata nini ni shauri lake. Ninyi mnachohitaji kujua ni vilipo. Shemeji yangu alipofariki tulikuta kopo lenye funguo 11. Tulizunguka nalo nyumba nzima siku mbili, tukijaribu kila kufuli. Tatu zilifungua. Nane ninazo mpaka leo kwenye droo, na sijui zinafungua nini, kwa nani. Na usidhani ni mambo ya watu wadogo. Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani, alifariki mwaka 2018. Mwaka uliofuata daftari lenye wosia wake wa mkono likapatikana chini ya mito ya sofa. Wanawe walipelekana mahakamani, na ni mwaka 2023 ndipo baraza la raia walioteuliwa kuamua kesi hiyo mahakamani lilipoamua kwamba lile la kwenye sofa ndilo halali. Baba yako akiandika, nakala halisi iwe mahali ambapo msimamizi anapajua. Msimamizi huyo, kwa maoni yangu, asiwe wewe wala kaka yako, jinsi mlivyo sasa.

Limebaki moja. Umeandika kwamba mama alianza kulia, kisha ukaendelea na maneno ya kaka yako. Barua nzima haisemi kama kuna aliyemwuliza kilichomliza. Pengine ni woga wa kumpoteza mzee. Pengine ni kwamba amekaa kwenye nyumba hiyo miaka yote na jina lake haliko kwenye karatasi hata moja, na ninyi mlikuwa mnagombana juu ya kichwa chake. Kabla hujaenda chumbani kwa baba, pitia jikoni kwa mama. Kaa, usiulize habari ya hati. Mwulize alilia nini, halafu uniandikie alichokujibu.

Shangazi