Draiva moja, desturi moja: kwa mnaoanza Lubumbashi

Wadogo zangu mnaoanza kuandika draiva za Linux (programu zinazoendesha vifaa) hapa Lubumbashi, C mtaizoea. Kitakachowasumbua ni funksheni saidizi za kerneli, kiini cha Linux: majina yanafanana, majibu hayafanani.

Chukueni mbili tu, zote za kuipatia draiva pointa (anwani) ya kufikia memori ya kifaa. devm_ioremap ikishindwa hurudisha NULL, yaani pointa tupu. devm_ioremap_resource ikishindwa hurudisha pointa iliyobeba namba ya kosa, nayo hupimwa kwa IS_ERR. Aliyezoea ya kwanza huweka jibu ndani ya base, kisha huandika if (!base), yaani "kama ni NULL", hata kwenye ya pili. Tuseme eneo lile la memori limekwisha kuchukuliwa na draiva nyingine: base inabeba -EBUSY (kosa la "kinatumika tayari"), yaani -16, wala si NULL. Ukaguzi unapita, draiva inagusa anwani isiyo halali, kerneli inaanguka. Kompaila hailalamiki, maana zote mbili ni pointa. Someni maelezo ya kila funksheni, hata kama dada yake mnamjua.

Ninalolikazia zaidi ni hili: msichanganye njia mbili za kuachilia rasilimali. Vilivyoombwa kwa funksheni zenye jina linaloanza na devm_ huachiliwa na kerneli yenyewe, cha mwisho kikianza, baada ya remove yako (funksheni inayoitwa kifaa kikiondolewa) kumaliza kazi. Sasa mtu anaomba bafa (kipande cha memori) kwa kmalloc, anaomba interapti (ishara ya kifaa kuomba kuhudumiwa) kwa devm_request_irq, halafu ndani ya remove anaita kfree kuiachilia bafa. Bafa imekwenda, interapti bado iko hai. Kifaa kikiita katika nafasi hiyo ndogo, hendla, funksheni inayoijibu interapti, inaandika kwenye memori ambayo si yake tena. Hitilafu ya namna hii haionekani kwenye majaribio ya kawaida. Hungoja mtu achomoe kifaa kikiwa kazini. Ombeni vyote kwa devm_, bafa ikitangulia interapti, au achilieni vyote kwa mkono.

Mwongozo wa kerneli unasema pia: jina likiwa tendo, rudisha 0 kwa mafanikio na namba hasi kwa kosa, jina likiwa swali, rudisha ndiyo au hapana. Fuateni hivyo hata katika vifunksheni vyenu vya ndani.

Na kabla ya kutunga kisaidizi kipya, pigeni git grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya chanzo. Ukishapakua chanzo cha kerneli mara moja, hata mega za intaneti zikikwisha usiku pale Katuba unaendelea kutafuta. Ukikuta draiva jirani zinatumia dev_err_probe, kisaidizi cha kuripoti makosa kilichoingia mwaka 2020, itumie nawe katika probe, funksheni inayoanzisha kifaa: kosa likiwa -EPROBE_DEFER (kinachohitajika hakijawa tayari), haiandiki ujumbe wa kosa kwenye logi, kwa sababu kerneli itajaribu tena baadaye.